Boga Bila Jiko

Ukimpa boga zima mtu asiye na pa kulipikia, bado hujamlisha. Ndiyo maana mtindo wa FoodCycle, shirika lililoanzishwa Uingereza mwaka 2009, unastahili kutazamwa kwa makini. Chakula kinachosalia madukani hakiishii kugawiwa: watu wanaojitolea wanakipika, tena katika jikoni za kumbi za makanisa na vituo vya jamii ambazo vinginevyo zingekaa bure.

Katika miji ya Uingereza mtu anaweza kuwa na paa na akakosa moto. Wapo wanaoishi katika chumba cha hosteli chenye birika la umeme tu. Wengine jiko wanalo, ila umeme na gesi yao ni ya kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania, na salio likiisha hakuna kupika. Mpe mtu huyo viazi na maharage makavu, umemwongezea gharama kabla hajashiba. Sufuria ya pamoja inambebea gharama hiyo.

Menyu haiwezi kupangwa mapema, kwa sababu hakuna ajuaye maduka yatatoa nini. Kreti zikifika, uchambuzi unaanza: nyanya zilizolainika zinaingia kwenye supu, karoti zilizopinda zinamenywa, matofaa yaliyochubuka yanakatwakatwa na kuokwa. Nyama haipikwi kabisa. Naona busara hapo, maana hatari za usafi zinapungua, na Mwislamu anakaa meza moja na Mhindu bila yeyote kuuliza kilichomo sufuriani.

Tarehe za kwenye lebo zinahitaji macho. Tarehe ya mwisho ya kutumia ni ya usalama. Ikipita, chakula hakiandaliwi. “Bora kabla ya” inahusu ubora tu, na mkate uliopitisha siku hiyo bila ukungu bado unalika. Inauma kuona chakula kizima kikitupwa kwa kuchanganya hizo mbili.

Anayekuja haulizwi kipato wala barua ya utambulisho. Anaitwa mgeni, anaketi na kuhudumiwa mezani. Kwa mzee anayeishi peke yake, mazungumzo ya mezani yana uzito sawa na supu yenyewe.

Hata hivyo, tusiuchukulie upotevu wa chakula na njaa kuwa tatizo moja. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani, ambako kreti za wanaojitolea hazifiki. Supamaketi nazo zikijifunza kuagiza kwa kipimo, ziada itapungua, na hilo ni jema. Lakini mshahara wa mgeni hautakuwa umeongezeka hata senti. Kwa hiyo jikoni hizi zinahitaji fedha za kununua chakula sokoni, na wafadhili wazitenge sasa, kreti zikiwa bado zinajaa.