Safari Haiishi Kabla ya Kuagana

Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura kushuka hadi Rumonge na Nyanza-Lac, mtu anayeshuka chomboni, akabeba mzigo wake na kutokomea bila kuwaaga aliosafiri nao, huhesabiwa kuwa hakulelewa. Haijalishi kwamba hawakujuana kabla. Wamekula njia moja, na njia ina haki yake. Haki hiyo hulipwa mwishoni, pale watu wanapoachana.

Desturi hii haikuzuka bure. Watu wa Rumonge ni watu wa safari. Mji wao uko yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayofuata ukingo wa ziwa, na hewa ikiwa safi milima ya Kongo huonekana ng'ambo. Kwa boti za mbao zenye injini, wafanyabiashara huvuka kwenda upande wa Baraka. Wengine hushika njia ya kusini kwenda Kigoma. Mawese ya Rumonge, na samaki wa mikeke na ndagala, hutoka, bidhaa za ng'ambo huingia. Kiswahili chenyewe kilifika huku na misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji. Kilishika mizizi katika mitaa ya Waislamu, kikaenea sokoni na mwaloni zinapotia nanga boti, na leo hukaa midomoni mwa watu pamoja na Kirundi. Mji uliojengwa na wasafiri umejifunza namna ya kuwapokea watu, na umejifunza pia namna ya kuwaachia waende.

Usiku ziwani huwafanya watu kuwa ndugu kwa haraka. Tanganyika ni ziwa refu la kilomita zipatazo 670, lenye kina kinachopita mita 1,400, na upepo wa kusini wa kiangazi ukilivamia, mawimbi yake hayana tofauti na ya bahari. Mle ndani ya boti hakuna mkubwa wala mdogo wa mali. Mama mwenye watoto wawili hupokewa mmoja na mtu asiyemjua. Mihogo ya kuchemsha na ndizi hupita mkono kwa mkono. Anayetapika hushikwa bega, anayelia kwa hofu huambiwa maneno ya kumtuliza, na anayeijua dua huisoma kwa niaba ya wote. Warundi husema, ijoro ribara uwariraye: usiku husimuliwa na aliyeukesha. Asiyekuwa pamoja nanyi gizani, hata akiwa ndugu wa damu, hataujua usiku ule kama mnavyoujua ninyi.

Ndiyo maana kufika si kushuka tu. Chombo kikishagusa mchanga, watu hushusha mizigo kwanza, kisha husimama kidogo. Mara nyingi mzee ndiye huanza. Waislamu wana mafunzo ya Mtume kwamba watatu wakisafiri wamteue mmoja wao awe kiongozi, na aliyekubaliwa njiani kuwa kiongozi, hata bila kutajwa rasmi, ndiye hutazamiwa kuifunga safari kwa neno. Neno hilo halihitaji kuwa refu. Humshukuru Mungu kwa kuwafikisha, humshukuru nahodha na vijana wake, kisha huja jambo zito kuliko yote: kuombana radhi.

"Tusameheane, njiani kuna maneno." Sentensi hii nimeisikia kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa wenye mali na kwa wachukuzi. Safari ndefu huchosha roho. Mtu amekusukuma akigombania nafasi, umemjibu vibaya. Mtoto wa mwenzio amekumwagia maji, umenuna. Umemdhania mtu kuwa mwizi na kumbe alikuwa anakusogezea mzigo usilowe. Hayo hayabebwi kwenda nayo nyumbani. Huachwa pale pale mwaloni, kwa sababu anayeondoka huenda msionane tena, na kinyongo juu ya mtu usiyejua pa kumpata hakina dawa. Baada ya radhi hufuata madeni. Uliyekopeshwa nauli, uliyenunuliwa chai au maji, hulipa au huambiwa, "Acha, ni ya njia." Hilo nalo ni tamko lenye uzito: mwenye haki anaifuta mbele ya mashahidi ili mwenzake aende bila deni.

Kisha watu hujuana upya, na hapa ndipo pana siri ya desturi hii kwetu Burundi. Njiani wengi husafiri kwa majina mepesi: mama fulani, mzee, kaka, yule wa mafuta. Ukimwuliza Mrundi kwao ni wapi, jibu lake kamili ni mlima alikozaliwa, kwa maana nchi yetu imepangika kwa milima, na mlima wa mtu hueleza mengi juu yake. Lakini nchi hii imepita katika nyakati ambazo swali la unatoka mlima gani lilitisha. Lilipoulizwa kwenye kizuizi cha barabarani, jibu liliweza kumwokoa mtu au kumwangamiza. Hivyo wasafiri walijifunza kutoulizana mapema. Mwishoni mwa safari, baada ya kula pamoja na kuogopa pamoja, mtu hujieleza mwenyewe bila kuulizwa: mimi ni fulani mwana wa fulani, mlima wetu ni ule, ukifika uliza msikiti fulani au kanisa fulani, hata mtoto atakuleta nyumbani. Anayekupa maelezo hayo amekupa imani yake. Kuagana kwa namna hiyo kumefanya kazi ya upatanisho ambayo mikutano mingi haikuiweza.

Salamu hufuata. "Wasalimie wa nyumbani," huambiwa anayekwenda, na yeye atazifikisha kweli, kwa watu ambao mwenye salamu hajawahi kuwaona. Kwa Waislamu wapo wanaomwombea mwenzao kwa maneno ya sunna, wakimkabidhi kwa Mungu dini yake, amana yake na mwisho wa matendo yake. Wakristo hushikana mikono na kuomba. Mikono yenyewe haishikwi juu juu: mkono wa kuume hutolewa, wa kushoto huegemezwa juu yake kwa heshima, na wanawake hukumbatiana, bega hili na bega lile, wakipigana pigana mgongoni taratibu.

Anayekaa karibu hawezi kuwaacha wa mbali waende na njaa. Mila ya Warundi ina kinywaji cha mwisho apewacho mgeni anapoinuka kwenda, kiitwacho agashinguracumu, tangu zama ambazo mwanamume aliuchomeka mkuki wake nje ya nyumba aliyozuru na kuung'oa alipoondoka. Penye pombe ya ndizi hunywewa hiyo. Katika nyumba za Waislamu wa Rumonge ni chai, au maji baridi tu, lakini lazima kitu kipite kooni. Halafu hufuata kusindikiza. Mwenyeji hamuagi mgeni mlangoni. Humtoa, humbebea mzigo, huenda naye mpaka njia panda au mpaka gari lipatikane, na hageuki mpaka gari limeondoka.

Kusindikiza kuna mfano wa kale pia. Hapo Mugere, kilomita chache kusini mwa Bujumbura kwenye barabara hiyo hiyo ya kuja Rumonge, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina ya wapelelezi Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Walilala huko walipotoka Ujiji kwenda kuchunguza kaskazini ya ziwa, wakakuta mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Safari yao ya pamoja iliishia Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 14 Machi 1872. Asubuhi ile Livingstone alitoka na kumsindikiza mwenzake kwa miguu kipande cha njia kabla ya kuachana. Hawakuonana tena. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wasafiri wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Vitabu vingi humtukuza yule aliyebebwa. Watu wanaojua maana ya kusindikiza huwatazama waliobeba.

Hata hivyo safari kubwa kuliko zote katika kumbukumbu ya Rumonge si ya wapelelezi. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalilipuka Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yakaienea nchi. Warundi huyakumbuka kwa jina la ikiza. Watu walitoroka kwa mitumbwi usiku na kwa miguu milimani, wakaingia Kigoma na Kongo. Tanzania iliwapa wengi wao makazi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walifyeka pori, wakalima, wakazaa, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili cha shule za Tanzania. Mwaka 2008, baada ya miaka 36, walitakiwa kuchagua: uraia wa Tanzania au kurudi Burundi. Zaidi ya 160,000 waliomba uraia. Zaidi ya 50,000 walirudi.

Fikiria kuagana kule. Watu waliovuka ziwa katika mtumbwi mmoja mwaka 1972, waliochangia chumvi na kuzikana, mmoja sasa anapanda gari la kurudi na mwingine anabaki na shamba lake. Safari iliyoanza njia moja iliishia njia mbili. Wazee waliombana radhi kwa miaka yote hiyo, wakagawana mbegu na vyombo, wakaachiana makaburi ya kutunza. Wale waliorudi walikuta mashamba yao ya mwambaoni, hasa yenye michikichi, yamekaliwa na wengine. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilipokea kesi nyingi kutoka Rumonge kwenyewe. Wasiokuwa na pa kwenda walijengewa vijiji, kama kile cha Mutambara katika wilaya ya Rumonge, na wale waliofikia huko pamoja wakaendelea kuitana ndugu wa safari. Penye msiba hao ndio hufika kwanza.

Mwaka 2015 ziwa lilishuhudia tena watu wakikimbia machafuko. Kuanzia Aprili, maelfu walikimbia kutoka Rumonge, Makamba na Nyanza-Lac, wakajazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kufikia katikati ya Mei walikuwa makumi ya maelfu, na kipindupindu kikazuka. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa Kigoma, iliwachukua kama 600 kwa safari moja mpaka Kigoma mjini. Walipokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, na baadaye Nduta na Mtendeli zikafunguliwa. Uwanjani pale watu waliosafiri pamoja kwa siku za hofu walitenganishwa kwa orodha na kwa basi. Muda wa radhi na dua ulikuwa mfupi, lakini waliupata. Waliandikiana namba za simu kwenye viganja na pindo za kanga, wakatajiana milima. Wengi walikutana tena kwa namba hizo waliporudi Burundi.

Leo kuna yanayoidhoofisha desturi hii. Simu imetupa uhakika wa uongo kwamba tutaongea baadaye, na baadaye haiji. Gari likifika Rumonge kila mtu yuko kwenye simu yake akimtafuta wa kumpokea, na pikipiki zinavuta mizigo kabla wenyewe hawajashuka. Lakini shida nazo hufundisha. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, safari ya Bujumbura na Rumonge, ambayo ni ya saa mbili, imeweza kula siku nzima ya kungoja kituoni. Nimeona watu waliongoja pamoja tangu alfajiri wakifika usiku na kukataa kutawanyika mpaka wamehakikisha kila mwanamke na kila mzee ana wa kumfikisha kwake. Hiyo ndiyo mila yenyewe, na haihitaji mtumbwi wala mawimbi ili iwepo.

Nawaomba wazazi wa mwambao huu wawafundishe watoto adabu hii kama wanavyowafundisha kuamkia. Mtoto ajue kwamba jirani wa kiti ana haki kwake: kuombwa radhi, kulipwa cha kwake, kuombewa heri na kusindikizwa. Milima haikutani, binadamu hukutana, na katika nchi iliyotawanywa mara nyingi kama yetu, wapo walio hai leo kwa sababu tu mtu waliyeagana naye vizuri aliwakumbuka. Nawe msomaji, popote utakaposhuka, usiuinue mzigo wako kabla hujamgeukia mwenzako wa njia na kumuaga kwa heshima.