Siku Tatu Kisiwani Kwetu: Ngezi, Kidike na Bahari ya Misali



Mara nyingi tumewaona wageni wakishuka mjini Chake Chake na mikoba yao mgongoni, wakiuliza njia ya kwenda Ngezi au chombo cha kwenda Misali. Nasi huwaelekeza kwa kidole, kisha tukarudi zetu shamba. Lakini hebu na tuulizane kwa haki: katika sisi tunaoelekeza, wangapi wamepata kufika huko? Kijana wa mwenzetu mmoja alituuliza swali hilo mbele ya watu, akasema, "Ami, mgeni anatoka Ulaya kuja kukiona kisiwa chetu, na mimi niliyezaliwa hapa najua njia ya skuli na njia ya shamba tu." Tukakosa la kumjibu.

Basi katika likizo ya skuli ya katikati ya mwaka, wakati karafuu za mwanzo zimekwisha anza kuchumwa hapa na pale lakini msimu haujakolea, watu watano wa kamati tuliwachukua watoto wetu tisa tukazunguka kisiwa kwa siku tatu. Tumeona yafaa tuwaandikieni yale tuliyoyaona, pamoja na kosa moja tulilolifanya, ili mwingine asilirudie.

Siku ya kwanza: Ngezi na Kigomasha

Tulipita Konde asubuhi mapema, na baada ya mashamba kwisha gari ikaingia kivulini ghafla kana kwamba mtu amefunga dirisha. Huo ndio msitu wa Ngezi. Mivule imesimama minene hata watoto wanne walishikana mikono wasiuzunguke mti mmoja, na mitambaazi imening'inia kama kamba za mashua. Mtembezaji wetu alituonyesha mpapindi, mti wa jamii ya minazi, mwembamba na mrefu. Mti huu kwa asili humei Pemba tu, na jamaa zake wa karibu wako Bukini na Komoro. Mmoja wetu alicheka akasema kuwa amekwisha kuona mipapindi imepandwa kuwa pambo katika nyua za watu, naye akidhani ni mti wa kuletwa kutoka ng'ambo. Kumbe mti wa ng'ambo ni mkarafuu!

Na jambo hili lilitupa mawazo. Msitu wa namna hii zamani ulienea mbali sana katika kisiwa hiki. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukavuka ukaja Pemba. Kisha mwaka 1872 tufani kubwa ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi. Tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu, na msitu ukakatwa kupisha shamba. Babu zetu walikata kwa haja, wala hatuwalaumu. Lakini twajua sasa kwamba kipande kilichobaki Ngezi ni ukumbusho wa nchi waliyoikuta.

Ndege wanne wako Pemba tu, hawapatikani pengine popote duniani: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na kijindege kidogo chenye duara nyeupe machoni. Tulimwona chozi, tukamsikia ninga. Bundi hutoka usiku, na wale wanaotaka kumsikia hurudi msituni baada ya magharibi pamoja na mtembezaji. Watoto walitaka kubaki. Watu wazima ndio walioogopa.

Kutoka msituni tulikwenda hadi Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini magharibi, ambako uko mnara wa taa wa chuma uliojengwa na Waingereza mwaka 1900. Tuliupanda. Ngazi ni za kuzunguka, na aliye na uzito wa mwili na apande polepole. Juu, mtu huuona mkondo wa Pemba, bahari ya buluu iliyokoza kwa sababu ya kina chake, maana kati yetu na bara kuna mahali panapopita mita 700 kwenda chini. Jioni tulioga Vumawimbi, pwani ndefu nyeupe, na watu tuliowakuta ni wavuvi wakitengeneza nyavu zao.

Siku ya pili: Pujini na Kidike

Asubuhi tulikwenda Pujini kuyaona magofu ya Mkama Ndume. Ngome hii ni ya karne ya 15 hivi, na imezungukwa na boma la udongo na handaki. Wazee husimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa mkali hata aliwalazimisha watu kubeba mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio. Pia wanasema kisima chake kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane wakati wa kuteka maji. Mtoto mmoja aliuliza kama watu wale walilipwa. Tulimwambia hatudhani. Akasema, "Ndiyo maana pamekuwa gofu." Maneno hayo tumeyaleta hapa kwa faida ya kila mwenye shamba anayechelewesha ujira wa wachumaji wake.

Alasiri tulikwenda Kidike, karibu na Ole, kuwatazama popo wa Pemba. Hawa si wale popo wadogo wa darini. Popo huyu ana uso kama wa mbweha, manyoya ya rangi ya dhahabu iliyoiva, na mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia urefu wa mtu mzima. Mchana hulala wakining'inia mitini kwa mamia, wakigombana na kujipepea. Jua likitua huanza kuruka mmoja mmoja, kisha makundi makundi, hata mbingu ikajaa.

Mwenzetu mmoja, tusiyemtaja jina ila nyote mwamjua kwa maembe yake, alikuja Kidike na kisasi moyoni. Miaka mingi amekuwa akisema kwamba popo ni mwizi, na kwamba dawa yake ni bunduki. Na kweli bunduki ilikaribia kuwamaliza. Watu walimwinda popo kwa ajili ya nyama, miti mikubwa anayoipenda ikakatwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 wataalamu walikhofia kwamba wamebaki wachache sana. Hapo wanavijiji wenyewe wakaanza kuwalinda penye matuo yao, mengi yakiwa misitu ya makaburi ambayo wazee hawakuruhusu ikatwe. Hesabu zilizofanywa miaka ya 2000 zilifika kiasi cha 20,000. Mnyama huyu hayuko mahali pengine ulimwenguni.

Mtembezaji alimweleza mwenzetu kwamba popo anapokula matunda hubeba mbegu na kuzitupa mbali, na kwamba miti mingi ya mwitu hupandwa naye bila ya ujira. Mwenzetu akanyamaza. Baadaye akauliza, "Na embe langu je?" Akaambiwa avune mapema yale yaliyokomaa, na juu kabisa aache fungu la popo. Hakusema ndiyo wala siyo. Lakini tulipokuwa tukiondoka tulimwona amesimama peke yake, shingo ameikunja nyuma, akiwatazama wale wa mwisho wakipita.

Siku ya tatu: Misali

Sasa tunafika kwenye kosa letu.

Kisiwa cha Misali kiko magharibi ya Chake Chake. Tuliondoka Wesha alfajiri kwa mashua ya mashine, na nahodha mtu mzima mwenye maneno machache. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale, na wavuvi walipokosa msala wa kumpa, alisema kisiwa chenyewe ndio msala wake kwa kuwa kimelala kuelekea kibla. Yako mapango ambayo watu huyaheshimu hata leo, na mgeni hupita kwa adabu. Tangu mwaka 1998 kisiwa hiki na matumbawe yake vimewekwa chini ya hifadhi. Wavuvi wa vijiji vingi hupata riziki yao katika maji yake, na iko sehemu ambayo havuliwi samaki hata mmoja ili wapate kuzaana.

Tulivaa miwani ya kuzamia tukaingia majini. Ndugu zetu, sisi tumewala pono, kangu na chewa maisha yetu yote, lakini hatukuwa tumewahi kuwatembelea majumbani mwao. Matumbawe yamesimama kama bustani, na ukuta wake ukifika ukingoni huporomoka kwenda kizani. Tulionyeshwa mchanga ambako kasa na ng'amba hupanda kutaga. Watoto walikatazwa kukanyaga tumbawe, nao wakawa wakali kuliko mtembezaji katika kuwakataza wazazi wao.

Ilipokuwa saa sita mchana, simu ya mwenzetu mmoja ililia. Ilikuwa ni nyumbani kwake. Alikuwa ameacha mavuno yake ya mwanzo juu ya majamvi manane, kwa kuona kwamba siku zile jua lilikuwa kali. Sasa wingu limetanda, mkewe yuko peke yake na mtoto mchanga. Nanyi mnajua karafuu iliyokaribia kukauka ikinyeshewa: hupauka, hukunjamana, na sokoni hushuka daraja. Wakati uleule upepo wa kusi ulizidi, na kati yetu na Wesha mawimbi yakaanza kuvunjika meupe.

Mwenzetu alitaka tuondoke papo hapo. Tuseme kweli: wengi wetu tulimkubalia. Tulikuwa tumekwisha kufunga vitu na watoto wawili tumewapandisha chomboni. Nahodha alikaa mchangani asiondoke. Tukamwambia nauli tutaongeza. Akatutazama akasema, "Mabwana, karafuu mtachuma tena mwakani. Watoto hawa hamtawachuma tena."

Tulikaa kimya. Aibu ilitushika, maana sisi ndio kila msimu huwaambia wachumaji wasipande tawi bovu kwa tamaa ya pishi moja zaidi. Tunawaambia kwamba mti wa mkarafuu huvunjika bila ya kukuonya. Na sasa tamaa ileile ilikuwa inatuvuta sisi baharini, tena na watoto.

Tukawashusha watoto. Tulikaa Misali mpaka upepo ukalegea karibu na magharibi, tukasali, tukala mihogo na samaki wa kuchoma waliyotupa wavuvi wa dago. Tulivuka salama, tukafika Wesha baada ya isha, tumelowa kwa mwanda wa bahari lakini hapana aliyeumia. Nyumbani kwa mwenzetu jirani zake walikuwa wamekimbia kusaidia. Majamvi sita yaliokolewa, mawili yakanyeshewa. Hasara ile aliiona kwa macho yake kesho yake alipozipeleka karafuu kupimwa. Ni yeye mwenyewe aliyetutaka tuyaandike haya.

Mafunzo kwa wanachama

Kwa wale watakaotaka kuwachukua jamaa zao, na kwa wale ambao wageni huwajia kutaka kutembea mashambani mwao, twatoa nasaha hizi:

1. Usiende safari ya baharini ukiwa na karafuu juu ya jamvi, ila umemwachia mtu mzima mwenye nguvu za kuanua. Bora karafuu ziwe zimekwisha ingia guniani.

2. Neno la nahodha juu ya hali ya bahari halipingwi wala halinunuliwi. Kila aliye chomboni, mkubwa na mdogo, avae jaketi la kuokolea.

3. Msituni na kwenye matuo ya popo chukua mtembezaji wa mahali pale. Ada yake ndiyo inayompa mwanakijiji sababu ya kulinda.

4. Mgeni akija shambani mwonyeshe uchumaji, uchambuaji na uanikaji, na apewe makonyo anuse harufu yake. Lakini usimruhusu kupanda mkarafuu, hata akisema amezoea milima. Mchumaji wako naye asipande kwa ajili ya kupigwa picha.

5. Usikate mti mkubwa wa mpakani kwa sababu tu hauzai karafuu. Tazama kwanza nani analala juu yake.

Wako wanachama waliotuuliza ikiwa matembezi ya namna hii si mambo ya wageni na ya watu wenye nafasi. Jawabu letu ni kwamba gharama kubwa tuliyoitoa ni mafuta ya gari na nauli ya mashua, tukachangiana. Yule kijana aliyetuuliza swali lile la kwanza alikuwa amekusudia kwenda kutafuta kazi ng'ambo mwaka huu. Hatusemi kwamba amebadili nia. Ila siku ya nne alikwenda Ngezi tena, peke yake kwa baiskeli, na akamsikia bundi.

Kamati imekubaliana kufanya safari nyingine baada ya msimu. Anayetaka kuja na amwambie katibu wa tawi lake mapema, aeleze idadi ya watoto, na achukue viatu vya kukanyagia matope. Mwenzetu wa majamvi manane amekuwa wa kwanza kujiandikisha, kwa sharti kwamba gunia lake la mwisho liwe limekwisha kupimwa. Mwenzetu wa maembe naye ameandika jina lake, na mbele ya jina ameandika: "Kidike kwanza."