Sakafu inakauka kisha dakika ngapi? Mashini, povu na hatari ya kuteleza hospitalini

Katika hospitali kubwa, mabenki, mahoteli na maduka makubwa ya Goma, Bukavu na Lubumbashi, kuna fasi ambapo serpiyeri na ndoo havifanyi tena kazi yote. Mtu mmoja anasukuma mashini yenye brosi ya kuzunguka, toka mlango mmoja mpaka mwingine, na karo zinabaki zinang'aa nyuma yake. Lakini watu wenye kungojea kupita wana swali lao: sakafu hii itakauka kisha dakika ngapi?

Wauzaji wa mashini wanajibu: palepale. Ni kweli kwa aina moja ya mashini, tena ikiwa inatunzwa.

Aina ya kwanza ni monobrosi: brosi moja ya mviringo, mkono mrefu, waya wa umeme. Inasugua tu. Maji machafu yanabaki chini, na lazima mtu afuate nyuma na rakleti na serpiyeri, ama na mashini ingine ya kufyonza maji. Aina ya pili ni otolavezi. Hiyo ina matangi mawili, moja la maji safi yenye sabuni, lingine la maji machafu. Mbele inamwaga maji, katikati inasugua, na nyuma kuna rakleti pana yenye mipira miwili, ambapo injini inavuta maji kabla hayajatawanyika. Kila kitu kikifanya kazi, karo laini zinakauka kisha dakika moja ama mbili, tano zikizidi. Kisha monobrosi na serpiyeri, nusu saa si ajabu, na siku ya mvua inaweza kufika saa nzima.

Hesabu yake si ngumu. Maji yenye unene wa milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Koridoo yenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 2,5 ina mita za mraba 100. Ikiwa serpiyeri imeacha utando wa sehemu moja ya kumi ya milimita, utando ambao jicho haliuoni vizuri, koridoo ile bado imebeba lita 10 za maji, ni kusema nusu ya bidoni ya njano. Lita hizo hazina njia ingine isipokuwa kupanda katika hewa. Otolavezi nzuri inaacha lita moja ama mbili hivi. Kwa hiyo muda wa kukauka unaamuliwa zaidi na maji yaliyobaki chini kuliko jua lenye kuwaka inje.

Hewa nayo ina sehemu yake. Hewa yenye unyevu wa asilimia 60 bado ina nafasi ya kupokea maji. Ikifika asilimia 80, nafasi hiyo imekatika nusu, na sakafu ileile yenye maji yaleyale inachukua karibu mara mbili ya muda. Ndiyo maana asubuhi ya mvua kandokando ya ziwa Kivu, koridoo iliyofungwa inabaki na maji kwa muda mrefu, wakati Lubumbashi mwezi wa saba, hata kama asubuhi kuna baridi, sakafu inakauka haraka kwa sababu hewa ni kavu. Kupepea kunasaidia kuliko kupasha joto: vantilatere iliyowekwa chini, upepo wake ukipita juu ya karo, inaondoa hewa yenye kujaa maji na kuleta ingine. Kufungua milango ya pande mbili kunafanya kazi hiyohiyo bila umeme, isipokuwa mvua ikiwa inanyesha.

Simenti tupu ni mambo mengine. Inakunywa maji, inaonekana kavu juu, kumbe ndani bado iko mbichi.

Lakini kwenye mashini nyingi zenye kuacha maji, chanzo ni povu. Katika nyumba nyingi za huku, sabuni isiyo na povu inahesabiwa kama sabuni isiyo na nguvu, na mazoea hayo yanafuata mtu mpaka kazini. Anachukua sabuni ya unga ya kufulia nguo, anamimina katika tangi. Brosi inapiga maji yale kama mtu mwenye kupiga mayai, povu linavutwa katika tangi la maji machafu, linapanda mpaka juu. Katika mashini nyingi kuna kifuniko kidogo chenye kuelea, chenye kazi ya kulinda injini: povu likikifikia, kinafunga njia ya hewa. Brosi inaendelea kuzunguka, kelele ni ileile, mtu anaendelea kusukuma, lakini mashini haivuti tena. Tena sabuni iliyozidi inabaki juu ya karo kama ngozi nyembamba, na ngozi hiyo inaendelea kuteleza hata maji yakiisha kukauka. Sabuni ya otolavezi ni ile isiyotoa povu, na kiasi chake kinapimwa kwa kipimo, hakikadiriwi kwa macho.

Goma ina taabu yake ya pekee. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na vumbi nyeusi yenye chembe kali inaingia na viatu vya kila mtu. Chembe hizo zikipita chini ya rakleti, zinakata mpira. Fasi moja iliyokatika inatosha: hewa inaingia pale, nguvu ya kuvuta inapungua, na mstari wa maji unabaki toka mwanzo wa koridoo mpaka mwisho. Kufagia sakafu ikiwa kavu, kabla mashini haijawashwa, ni kazi ya dakika kumi ambayo wakubwa wengi wanaiona kama kupoteza wakati. Halafu kuna batri. Batri za aina ya zamani, zile za risasi na asidi, zinataka saa nane mpaka kumi za kujaa, na fasi ambapo umeme unakatika kila siku, mashini inaanza kazi ikiwa imejaa nusu.

Nani anaanguka? Kwanza ni mlinzi wa mgonjwa, mwenye kubeba beseni ama sufuria ya chakula, amevaa kambambili ambazo nyayo zake zimekwisha. Halafu mwanamke mwenye mimba, mzee mwenye fimbo, mgonjwa mwenye kutembea akishika ukuta. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba watu 684.000 wanakufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wanafia katika inchi zenye mapato madogo na ya kati. Si wote walioteleza juu ya maji, hapana. Lakini kwa mzee, mfupa wa paja ukivunjika, mara nyingi hatembei tena kama zamani.

Msafishaji mwenyewe anaweza kuanguka pia. Ikiwa ameandikishwa kwenye Caisse nationale de sécurité sociale (CNSS), ajali ya kazini ina fungu lake. Yule mwenye kulipwa kwa siku, bila kuandikishwa popote, anabaki na mguu wake na deni la matibabu. Na mgeni akianguka, msafishaji huyohuyo ndiye wa kwanza kuulizwa kwa nini hakuweka kibao cha njano. Kibao hakikaushi maji, wala hakisomwi na mtu mwenye kukimbilia chumba cha kujifungulia. Chenye kufanya kazi ni kugawanya koridoo katikati kwa kamba, kuosha upande mmoja, kungojea ukauke, ndipo kuhamia wa pili. Kunachukua muda zaidi, na muda huo hauna budi kuingizwa katika ratiba ya kazi, si kuachwa juu ya mgongo wa msafishaji.

Katika hospitali kuna jambo lingine, lenye kwenda kinyume na haraka hii yote. Wakaaji wa Beni na Butembo wanakumbuka klorini ya wakati wa Ebola, ugonjwa uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukamalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, na ulioua watu zaidi ya 2.200. Klorini ya asilimia 0,5 juu ya sakafu inahitaji kubaki mbichi dakika 10 hivi ama zaidi ili iue vijidudu. Otolavezi inaivuta kisha sekunde chache tu. Kumimina klorini katika tangi, kupita mara moja na kuona sakafu kavu, kunatoa harufu ya usafi bila kazi ya kuua vijidudu kukamilika. Tena klorini inakula mipira na vyuma vya mashini, na ikichanganywa na dawa yenye asidi ya kuondoa madoa, inatoa gesi yenye kuchoma mapafu.

Njia ni kufanya mara mbili: kwanza mashini na sabuni, kwa sababu uchafu unapunguza nguvu ya klorini, kisha klorini kwa mkono, iachwe chini dakika zake, halafu sakafu ipanguswe. Wakati huo wote koridoo inafungwa. Usiku inawezekana, saa mbili asubuhi, watu wakiwa wamejaa mlangoni, haiwezekani.

Kwa kujua kama sakafu imekauka kweli, kipande cha karatasi ya choo kinatosha. Kinakandamizwa juu ya karo na juu ya mfereji wa katikati ya karo mbili, ambapo maji yanajificha. Kikitoka na doa, watu wangojee. Na ikiwa kisha dakika kumi doa bado lipo, ni rakleti yenye kuangaliwa. Kwenye mashini nyingi, mpira wake una pande nne zenye kutumika: upande mmoja ukiisha kulika, unafunguliwa na kugeuzwa. Katika fasi nyingi mpira unatupwa ukiwa umetumika upande mmoja tu, ama, vibaya zaidi, unaachwa palepale mwaka mzima.