Hadithi za kisayansi za kusoma maji yakipwa

Bandarini Mkokotoni, kusubiri ni sehemu ya safari. Boti ya Tumbatu huondoka ikishapata abiria wa kutosha, na maji yakipwa sana hata wenye haraka hukaa kitako. Nusu saa hiyo, au saa nzima, inatosha hadithi fupi moja, na hadithi zinazoifaa vizuri zaidi ni zile za kisayansi: za mashine zinazofikiri, za kusafiri kurudi miaka iliyopita, za wataalamu wanaobuni kitu kisha kikawashinda. Wengi huziona kama mambo ya Wazungu. Lakini msomaji wa Unguja ana sababu za kuzielewa upesi, kwa kuwa kisiwa chake kimeshapitiwa na mambo ya namna hiyo.

Pale Tunguu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani walijenga kituo cha mawasiliano cha mradi wao wa Mercury wa kupeleka watu angani. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wao John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia mara tatu, sauti yake ilipokewa Unguja alipokatiza juu ya pwani hii. Daktari aliyekuwa kituoni alifuatilia shinikizo la damu la mtu aliyekuwa akielea juu ya Bahari ya Hindi. Wapo wananchi walioshuku kwamba ile ni ngome ya makombora, na baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali mpya ikaamuru kituo kiondolewe. Mwaka huohuo kikafungwa.

Kisha kuna kisa cha mbung'o. Katika miaka ya 1990 ndege zilipita juu ya Unguja zikimwaga mbung'o madume kwa mamilioni. Walifugwa Tanga na kupigwa mionzi ili wasiweze kuzalisha. Majike ya porini yakawa yanapandwa na madume yasiyoweza kuzalisha, kizazi kikakatika. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena, na wafugaji wakapumua, maana nagana, maradhi waenezayo mbung'o, ilikuwa ikimaliza ng'ombe. Mwandishi angelibuni kisa hicho mwaka 1950, angeambiwa ametia chumvi.

Ndiyo maana wa kwanza kupendekezwa hapa ni Dilman Dila, mwandishi na mtengenezaji filamu kutoka Uganda. Mkusanyiko wake, A Killing in the Sun, ulitoka mwaka 2014. Humo mna hadithi iitwayo The Leafy Man, inayohusu mbu waliobadilishwa maabara kwa nia njema ya kuangamiza malaria, nao wakageuka wauaji. Ya Unguja yalikwenda salama. Dila anauliza ingekuwaje kama yasingekwenda salama, na nani angelipa. Kijiji chake ni cha Afrika Mashariki hasa, na hofu yake ni ya watu wanaoletewa dawa wasiyoulizwa kama wanaitaka. Mtu aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji akisikiliza wageni wa mradi atamfahamu mara moja.

Ya pili ndiyo bora kuliko zote zilizotajwa hapa: The Merchant and the Alchemist's Gate ya Ted Chiang, Mmarekani, iliyotoka mwaka 2007 na kushinda tuzo za Hugo na Nebula. Msimulizi wake ni Fuwaad ibn Abbas, mfanyabiashara wa vitambaa wa Baghdad, anayesimulia mbele ya khalifa. Anaingia dukani kwa fundi wa madini na kuoneshwa lango: ukilipita upande mmoja unaibuka miaka 20 mbele, upande wa pili miaka 20 nyuma. Hadithi inazaa hadithi ndani yake, kama Alfu Lela Ulela, na aliyekua akisimuliwa na bibi yake hatapotea njia.

Kisa cha Ajib mfumaji kinatosha kuonesha ufundi wake. Ajib anakwenda miaka 20 mbele akitaraji kujiona tajiri. Anajikuta yungali kwenye nyumba ileile, maisha yaleyale ya kubana, lakini ndani mna sanduku limejaa dinari. Anamwona huyo Ajib mtu mzima kuwa bahili asiyestahili mali, basi analibeba sanduku na kurudi nalo kwenye ujana wake. Kwa nini mtu mwenye dhahabu aishi kama maskini? Jibu linakuja baadaye, na linauma. Chiang hamruhusu mtu kubadilisha yaliyokwisha kupita, anamruhusu kuyaelewa tu, na yaliyobaki ni toba na msamaha. Hadithi hii inastahili mfasiri wa Kiswahili haraka, na Zanzibar haikosi watu wa kuifanya kazi hiyo.

Ray Bradbury, naye Mmarekani, anasomeka kwa dakika chache. Katika A Sound of Thunder, ya mwaka 1952, wawindaji wanarudi enzi za dinosaria. Mmoja anamkanyaga kipepeo, na wanaporudi nchi yao si ileile. Katika There Will Come Soft Rains, nyumba inayojiendesha yenyewe inaendelea kuandaa kifungua kinywa asubuhi na kufagia sakafu, hali wenyewe wameshakufa kwa bomu. Kwenye kitabu chake, The Martian Chronicles, kisa hicho kimewekwa mwaka 2026.

Kwa Kiswahili, waandishi wameingia zaidi kwenye eneo hili kupitia riwaya. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inamfuata Dzombo, aliyehukumiwa kifo na kutiwa kwenye chombo cha kumwangamiza, naye akakimudu na kutua kwenye nchi ya usawa. Mkangi, mtu wa pwani ya Kenya, aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya nchi yake, na ghadhabu yake inasikika. Mzanzibari Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, anampeleka kiongozi mlafi safari ya usiku akiongozwa na mzuka wa babu yake. Hivyo ni vitabu vya siku kadhaa, si vya kusubiria boti.

Asiyesoma Kiingereza kwa raha aanze na Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, inayohusu Afrika Mashariki iliyokaukiwa maji, na mwanamke anayeficha mche wa mti. Inachukua takriban dakika 20. Na anayekisoma Kiingereza aisome ya Chiang usiku mmoja, kesho yake aisimulie barazani kwa Kiswahili, visa vyake vyote vitatu, na kile cha Fuwaad mwenyewe akiweke mwisho.