Kipandauso hakionekani kwa kupimwa damu

WATU wengi wanapopatwa na maumivu makali ya kichwa hukimbilia maabara kupimwa malaria na homa ya matumbo. Majibu yakikosa kuonyesha ugonjwa, hupimwa tena kwingine, au humeza antibiotiki wasizozihitaji. Hata katika soko kama Karurumo, karibu na Runyenjes, Kaunti ya Embu, pesa za kahawa huweza kuishia hivyo huku maumivu yakibaki pale pale.

Huenda ugonjwa wenyewe ni kipandauso. Kemikali za mwili zinahusika, lakini hasa zile za ubongo na neva za kichwa. Neva hizo hutoa protini ndogo iitwayo CGRP, ambayo hutanua mishipa ya damu na kuchochea maumivu. Serotonini nayo huhusika. Kwa wanawake, kupungua kwa homoni ya estrojeni karibu na hedhi huweza kukiamsha, na hii ni sababu mojawapo ya wao kuugua zaidi kuliko wanaume.

Hata hivyo, hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha kipandauso. Daktari hukitambua kwa kumsikiliza mgonjwa. Je, maumivu hudumu kati ya saa 4 na 72? Hudunda upande mmoja? Huzidi ukitembea? Unasikia kichefuchefu, au mwanga na kelele vinakukera? Yamekushika hivyo angalau mara 5? Kipimo cha malaria kina kazi yake pale penye homa.

Matibabu yapo. Dawa za kawaida kama ibuprofen au aspirini hufaa zaidi zikimezwa maumivu yanapoanza. Wenye vidonda vya tumbo na wajawazito wamwone daktari kwanza. Sumatriptan, iliyoanza kutumika mapema miaka ya 1990, hufanya kazi kwa kuiga serotonini, lakini haiwafai wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi. Anayeshikwa mara kwa mara huweza kupewa dawa ya kuzuia, kama propranolol (isipokuwa mwenye pumu) au amitriptyline. Dawa za kuzuia CGRP ziliidhinishwa Marekani kuanzia mwaka 2018, lakini bei yake ni ghali.

Jihadhari na vidonge vya dukani. Ukimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu na zaidi, dawa hizo zenyewe huweza kukuletea maumivu ya kichwa.

Nenda hospitalini mara moja iwapo maumivu yamekupiga ghafla kuliko wakati wowote, au yameambatana na homa na shingo kukakamaa, kifafa, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili.

Kabla ya kulipia kipimo kingine, nunua daftari. Andika siku, saa, chakula, usingizi, hedhi na dawa ulizomeza. Mpelekee daktari wako; litamsaidia kuliko rundo la karatasi za maabara.