Leseni ya Kiti: Shabiki wa Charlotte Alilipia Nini?

Tarehe 5 Machi 2022 watu 74,479 waliingia Bank of America Stadium kuitazama Charlotte FC ikicheza mechi yake ya kwanza nyumbani katika ligi ya Marekani, MLS. Timu ilifungwa 1-0 na LA Galaxy, lakini rekodi ya mahudhurio ya ligi ilivunjwa. Sasa kama watu walijaa hivyo, malalamiko ya bei yaliyosikika kabla ya msimu kuanza yalitoka wapi?

Yalitokana na malipo yaliyokuja kabla ya tiketi yenyewe. Wakati huo, kwa viti vingi vya jukwaa la chini, hukuweza kununua tiketi ya msimu mpaka uwe na leseni ya kiti, yaani haki ya kukinunulia tiketi kiti hicho kila msimu. Leseni ililipwa mara moja, tiketi kila mwaka, na ukiacha kukata tiketi leseni nayo ilipotea. Wale washangiliaji wa nyuma ya goli walisamehewa. Aliyezoea kukata tiketi ya mzunguko, ile ya bei ya chini, katika uwanja wa Kwa Mkapa jijini Dar es Salaam atacheka: unalipa ili uruhusiwe kulipa!

Mjini Charlotte jambo hili lina historia. Katika miaka ya 1990 Carolina Panthers, timu ya futiboli ya Kimarekani, iliuza leseni za namna hii, na fedha zake zikasaidia kujenga uwanja huohuo, uliofunguliwa mwaka 1996. Hapo hesabu ilieleweka. Uwanja haukuwepo, mashabiki walichanga, wakapata viti. Charlotte FC ilipoanza kucheza, uwanja ulikuwa na robo karne, na mmiliki wake, David Tepper, alikuwa ameinunua Panthers mwaka 2018 kwa zaidi ya dola bilioni 2. Safari hii mchango wa shabiki ulijenga nini?

Jibu la kibiashara lipo. Ada ya kuingia MLS imepanda vibaya: Atlanta United, iliyoanza mwaka 2017, iliripotiwa kulipa dola milioni 70, Charlotte, iliyopewa nafasi Desemba 2019, iliripotiwa kulipa milioni 325. Fedha za televisheni katika ligi hiyo ni ndogo mno zikilinganishwa na za Uingereza, kwa hiyo mapato ya mlangoni yana uzito mkubwa. Mwenye mali anataka kurudisha fedha zake mapema, na hilo si dhambi.

Ila kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. MLS ina ukomo wa mishahara, ukiacha wachezaji wachache wanaoruhusiwa kulipwa juu yake, wasiozidi watatu kwa klabu. Kwa hiyo shabiki anayelipa zaidi hana hakika kwamba fedha yake itageuka kuwa mshambuliaji bora.

Kwa maoni yangu, kasoro kubwa ni kumhamishia shabiki hatari ya biashara. Leseni ina thamani pale tu viti vinapogombaniwa, na klabu isiyo na hata bao moja la kukumbukwa haiwezi kuahidi kwamba vitagombaniwa. Ikifungwa mfululizo, asiye na leseni atakata tiketi ya mechi moja kwa bei ya chini na kukaa jirani na aliyelipia leseni. Huyu wa pili amebeba hasara ya mwekezaji, na hisa hana. Klabu nayo inajifunga, maana bei ya tiketi inaweza kushushwa msimu ujao, lakini leseni ukiifuta, waliokwisha kulipa watadai chao.

Ipo njia nyingine. Arthur Blank, mmiliki wa Atlanta United, alishusha bei za vyakula uwanjani, soda ikauzwa dola 2, na msimu wa kwanza United ilipata wastani wa zaidi ya watazamaji 48,000 kwa mechi. Bei za vyakula peke yake hazikuwaleta wote hao, lakini hazikuwafukuza.

Ukiuziwa leseni ya namna hii na klabu yoyote changa, soma kwanza kifungu cha kuiuza tena kabla hujaangalia ramani ya viti.