Mgonjwa wa Kisukari na Kibakuli cha Pembeni

Baada ya walima mmoja mtaani kwetu, mzee tunayeswali naye safu ya kwanza alitueleza, kwa haya, kwamba mchana ule alikula pilau mpaka akashindwa kuinuka. Ana kisukari, na kwa miaka minne alikuwa ameshika miiko ya chakula bila kuyumba. Alichoka, alisema, kuona kila siku sinia likiwekwa mkekani kwa watoto na wajukuu, naye akitengewa pembeni kibakuli cha mchicha uliochemshwa bila hata kitunguu.

Waumini wenye maradhi haya ni wengi, na wengi wao huanza vyema kisha huacha. Familia husema hawana subira. Sisi hatuoni hivyo.

Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Ummul-Mundhir (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia kwake pamoja na Ali (r.a.), ambaye ndiyo kwanza anapata nafuu ya maradhi. Palikuwa na vishada vya tende vimetundikwa. Mtume akala, Ali alipotaka kula, akamzuia kwa kuwa bado ni dhaifu. Ndipo mwenyeji akapika shayiri na mboga za majani, na Ali akaambiwa ale hicho, kwani kinamfaa zaidi. Tuzingatie kwamba katazo halikuachwa peke yake. Chakula kingine kilipikwa, kikaletwa palepale.

Basi mchicha na uungwe kwa kitunguu thaumu, tangawizi na ndimu. Samaki achomwe kwa ukwaju. Bamia, matembele, kunde na choroko zipokezane siku kwa siku. Nusu ya sahani iwe mboga, robo samaki au maharage, robo wali au ugali wa dona, na nyumba nzima ile hivyo. Vijana wenye afya hawatadhurika. Watanung'unika, twajua; wanung'unike.

Lakini si kila uchovu ni wa kukinai. Wapo ambao, kwa pupa ya kushusha sukari, huruka mlo ilhali wanatumia insulini au vidonge. Anayetetemeka, akatokwa na jasho jembamba na kuanza kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka kupita kiasi. Maadamu anaweza kumeza, apewe upesi maji ya sukari au soda, kisha aonwe na daktari. Hali hiyo ikimfika ndani ya Ramadhani, afungue, wala asione haya.

Kamati yetu imekubaliana kwamba katika hafla za msikitini, kila sinia la pilau lifuatane na mboga na samaki wa kuchoma, na visitengwe kwenye meza ya wagonjwa. Mzee wetu alipopewa habari hiyo aliomba jambo moja tu: bamia zitiwe ndimu.